Mlenda Haufichwi

Ukiuliza jikoni popote Singida, "Leo mboga nini?", jibu laweza kuwa nyama, dagaa, maharage au majani, kwa kuwa Kiswahili huita mboga chochote kinachoteremsha ugali. Nalitaja hili kwa sababu ya ushauri unaosambaa siku hizi: kwangua karoti ndani ya rosti, changanya mchicha kwenye unga wa chapati, mtoto ale bila kujua. Ushauri huo unayachukulia majani kama mgeni anayepitishwa mlango wa uani. Kwa Wanyaturu na Wanyiramba wa huku Singida hayakuwa mgeni hata kidogo. Ugali wa uwele au mtama hukwaruza koo, na kilichoufanya upite ni mlenda, mboga ya majani yenye utelezi.

Mvua za huku ni za msimu mmoja, takriban Desemba hadi Aprili. Majani ya mlenda na ya kunde yalichumwa wakati huo, yakaanikwa, yakatwangwa, yakawekwa akiba ya kiangazi. Mwezi wa tisa, shamba likiwa vumbi tupu, chungu kilichemka na magadi kidogo, unga wa kijani ukanyunyizwa huku ukipekechwa, zikafuata karanga zilizopondwa. Tonge likichovywa lilitoka na uzi mrefu wa utelezi ambao mlaji aliukata kwa kidole. Mtoto asiye na meno alikula chakula hichohicho na mtu mzima, bila kubembelezwa.

Kilichobadilika kwanza ni ugali. Baada ya ukame wa katikati ya miaka ya 1970 kulikuwa na mahindi yaliyoagizwa kutoka nje, pamoja na bei moja ya serikali kwa nchi nzima, iliyofanya zao hilo lilipe hata mbali na masoko. Ugali mweupe ni laini, hauhitaji utelezi. Miaka ya baadaye alizeti ilishamiri, na leo madumu ya mafuta yamepangwa kando ya barabara kuu. Vitunguu navyo vimejaa soko letu la Misuna. Jiko likajifunza kukaanga, kabeji ikaingia, mlenda ukashushwa cheo ukawa chakula cha shida. Hapa ndipo naona hasara: vitamini A iliyomo katika majani ya kijani kibichi hufyonzwa vizuri pakiwepo mafuta, na mafuta yalipopatikana kwa wingi tukayamimina kwenye kabeji, ambayo vitamini hiyo inayo kidogo sana.

Wapo watakaosema majani makavu yamekwisha nguvu. Kweli, vitamini C karibu yote hupotea, na jua kali huharibu pia sehemu ya vitamini A. Ndiyo maana kuanika kivulini ni bora, na magadi yapunguzwe. Lakini madini kama chuma na kalisi hayaondoki na jua. Isitoshe, mwezi wa tisa kaya nyingi hazichagui kati ya majani makavu na mabichi. Zinachagua kati ya majani makavu na kukosa.

Pingamizi zito zaidi ni la mtoto wa mjini anayeukunjia uso huo utelezi. Kwake kuficha si dhambi, ila tupige hesabu. Karoti moja ya gramu 70 katika sufuria ya watu sita ni chini ya gramu 12 kwa kila mmoja, ilhali Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima apate angalau gramu 400 za mboga na matunda kwa siku. Tena ladha hujengwa kwa kuonja mara nane, kumi au zaidi, na huwezi kuzoea usichokiona. Suala la kazi silibishi: kuchuma na kutwanga kumewaelemea wanawake peke yao, na sitetei kinu kirudi kama adhabu. Unga wa mlenda unauzwa sokoni tayari umesagwa. Nyunyiza vijiko viwili kwenye nyanya na kitunguu vilivyokaangwa kwa alizeti, ongeza maji, pekecha. Mgeni bado atachinjiwa kuku wa kienyeji, na bakuli la mlenda likae palepale mkekani, kila mkono ulifikie.