Kuwaeleza Wazazi Habari za Zebaki

Kumweleza mwalimu utafiti wako ni rahisi kuliko kumweleza mzazi aliyetoka shamba. Mimi nilitakiwa kuwaeleza wazazi wa hapa Ngokolo habari za zebaki. Wiki moja kabla, nilimsomea bibi maandishi yangu. Akaniuliza, "Sasa mjukuu wangu, mjomba wako aliyeko machimboni Geita afanyeje?" Swali hilo ndilo lililopanga mazungumzo yangu.

Nilianza na wanachokijua: mchimbaji mdogo huchanganya zebaki na mchanga uliooshwa ili ishike dhahabu, kisha huichoma. Zebaki haipotei. Hugeuka mvuke usioonekana, na ukivutwa hudhuru ubongo na mishipa ya fahamu, hasa ya mtoto aliye tumboni. Nikataja mji wa Minamata, Japani, ambako mwaka 1956 ugonjwa uligunduliwa kwa watu waliokula samaki wenye zebaki iliyotoka kiwandani. Mkataba wenye jina la mji huo ulipitishwa mwaka 2013, na Tanzania ikauridhia mwaka 2020.

Sikuwalaumu wachimbaji, maana ada za wengi wetu zinatoka huko. Nilisema la kufanya: wasichome nyumbani, watoto na wajawazito wakae mbali, na kitumike chombo kilichofungwa kinachonasa mvuke.

Ndugu mwanafunzi, kabla hujasimama mbele ya watu, litafute kwanza swali lao. Elimu isiyomfikia mwenye shida hubaki daftarini.