Nambari Isiyo na Jina

Kikongwe mmoja wa Ekerenyo, katika Kaunti ya Nyamira, alikuwa na simu ya laini mbili: moja ya pesa, nyingine ya wanawe. Kwa siku tatu simu ilimwonyesha nambari tupu, naye hakuipokea kwa kuwachelea matapeli. Siku ya nne mjukuu wake aliipiga nambari hiyo. Aliyeitika ni shangaziye, kitandani hospitalini.

Chanzo hakikuwa kigumu. Simu inapolia, mtandao huleta nambari tu. Jina hutolewa katika orodha iliyohifadhiwa. Majina ya wana yalikuwa kwenye kadi ya laini ya pili. Kadi ilipoharibika ikabadilishwa, nambari yake ilibaki, majina yakapotea. Kijana aliyaandika upya, safari hii katika kumbukumbu ya simu yenyewe, kila nambari ikianza kwa +254.

"Sasa utamjua kila apigaye, Magokoro."

"Nilimzaa, mjukuu wangu, nikashindwa kumjua kwa kukosa jina kiooni. Nifundishe nambari yake."

Jioni simu ililia. Jina lilionekana. Ajuza hakulisoma, alizitaja tarakimu tatu za mwisho, kisha akapokea.