Bustani Baada ya Gharika

Tuliposhuka kutoka Kibiti kwenda Nyamisati, tuliiacha mikorosho ya mchangani tukaikuta mikoko ya delta. Mafuriko ya Aprili 2024 yalizamisha mashamba mengi ya Rufiji na Kibiti. Lakini Warufiji tangu kale wanaujua mlau: maji yakipungua, hupanda katika unyevu uliobaki. Nyuma ya nyumba moja tuliona mchicha, bamia na mrehani juu ya matuta yaliyoinuliwa. Bibi mwenye bustani akatuambia, "Mto ulichukua shamba, mbegu zilikuwa darini, juu ya moshi wa meko." Mtume wetu (S.A.W.) ametufundisha kwamba akipandacho Mwislamu, kikaliwa na mtu au ndege, ni sadaka yake. Basi vijana, tuweke mbegu kabla ya masika.