Dawa ya Presha Haipunguzwi kwa Furaha

Miongoni mwa magonjwa yanayotuandama sisi wakazi wa mijini, hakuna ugonjwa wenye hila kama shinikizo la damu, ambalo wengi wetu huliita presha. Haumlazi mtu kitandani, hauleti homa, na aghalabu haumwumi mahali popote. Mtu huamka, akapanda daladala, akafanya kazi yake mpaka jioni, huku mishipa yake ikibeba mzigo ambao haikuumbiwa. Kwa sababu hiyo mgonjwa wa presha ana taabu mbili. Ya kwanza ni kukubali kumeza dawa ilhali hajisikii mgonjwa. Ya pili, ambayo haizungumzwi sana, huja baadaye, pale anapokuwa amejirekebisha kwelikweli: chumvi ameipunguza, mwili umepungua, anatembea kila siku, na kipimo kimeshuka. Hapo ndipo hujiuliza: dawa hizi bado ni za nini?

Swali hilo ni la haki, wala halistahili kukemewa. Nyumbani kwetu lilikaa mezani kwa muda wa mwaka mzima, na ningependa tulizungumze.

Baba yangu alistaafu kazi ya bohari akiwa na umri wa miaka 60. Mwaka 2021 alipimwa zahanati, na vipimo vikarudia kuonyesha 176 juu ya 104. Kwa wale wasiozoea tarakimu hizi, namba ya kwanza ni nguvu ya damu wakati moyo unapoisukuma, na ya pili ni nguvu hiyo wakati moyo unapopumzika. Mtu mzima ambaye vipimo vyake vya zahanati vinarudia kufika 140 juu ya 90 au kuzidi, huhesabiwa kuwa ana ugonjwa huu. Baba alianzishiwa dawa, na baada ya miezi michache zikawa za aina tatu: amlodipini, inayolegeza mishipa, haidroklorothaiazidi, inayotoa maji na chumvi kwa njia ya mkojo, na atenololi, inayopunguza kasi ya moyo.

Mama ndiye aliyeanzisha mageuzi, wala hakuitisha mkutano. Siku moja kichupa cha chumvi hakikuonekana mezani. Baadaye ng'onda akatoweka, kisha vile vidonge vya kiungo cha mchuzi, kisha soda ya jioni. Mahali pake vikaja mchicha, matembele, maharage na ndizi. Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba chumvi ya mtu mzima isifike gramu 5 kwa siku, yaani isijaze kijiko kimoja cha chai. Na hesabu hiyo ni ya chumvi yote, pamoja na ile iliyojificha ndani ya mkate, soseji na samaki waliokaushwa kwa chumvi. Baba naye akaanza kwenda sokoni kwa miguu kila asubuhi, dakika 40 kwenda na kurudi. Ilipotimia miezi tisa, alikuwa amepungua kilo 11, na mshipi wake ulikuwa umetobolewa matundu mawili mapya.

Kwamba mji una sehemu yake katika ugonjwa huu si dhana tupu. Mwaka 1990 wataalamu walichapisha matokeo ya kuwafuatilia Waluo waliohama vijiji vya magharibi mwa Kenya kwenda kuishi Nairobi. Shinikizo la damu la wahamiaji lilikuwa juu kuliko la wenzao waliobaki, na tofauti hiyo ilijitokeza mapema baada ya kuhama. Chumvi katika mkojo wao ilikuwa imeongezeka, na uzito kadhalika. Basi ikiwa sahani inaweza kuipandisha presha, sahani hiyo hiyo yaweza pia kuishusha. Mwaka 1997 uchunguzi uliofanywa Marekani ulionyesha kwamba watu wenye presha waliokula matunda na mboga kwa wingi, pamoja na maziwa yasiyo na mafuta mengi, walishuka kwa takriban milimita 11 za zebaki katika namba ya juu, kuliko wenzao waliokula chakula cha mazoea, na hayo katika wiki 8 tu.

Mwili wa Baba ulibadilika, lakini dawa zilibaki zile zile. Akaanza kuona kizunguzungu kila alipoinuka kitini. Jioni moja alishika fremu ya mlango, akatulia hapo kitambo, kisha akaniambia: "Mwanangu, sasa dawa ndizo zinazoniuguza. Mimi si mgonjwa tena. Kuanzia kesho naziacha zote."

Alikuwa na hoja, na nusu ya hoja yake ilikuwa kweli tupu. Dawa hupimwa kwa mwili uliopo siku ile, kama shati lishonwavyo kwa kifua cha siku ile. Mwenye shati akikonda, shati humpwaya. Tulipompeleka kliniki alipimwa akiwa amekaa, ikawa 112 juu ya 68. Akapimwa tena baada ya kusimama, ikawa 88 juu ya 58. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi katika dakika tatu za kusimama, hiyo ni dalili ambayo daktari haipuuzi, kwa kuwa mzee anayeona kizunguzungu huanguka, na mzee akianguka huweza kuvunjika nyonga. Kwa hiyo si kweli kwamba kila anayetaka kupunguziwa dawa ni mkaidi. Huenda mwili wake unasema jambo ambalo kadi ya kliniki haijaliandika.

Nusu ya pili ya hoja yake ndiyo iliyokuwa na hatari. Mtaani kwetu kulikuwa na fundi seremala ambaye naye alikuwa amejirekebisha. Alikonda, akaacha sigara, akasifiwa na kila mtu. Kwa furaha ile akaziweka dawa zake zote kando siku moja, bila ya kumwambia mtu. Haukupita mwezi akapelekwa hospitali. Presha yake ilikuwa 210 juu ya 120, na mkono wake wa kulia haushiki randa tena. Nilimkumbusha Baba habari hiyo kwa upole, naye akakubali tusubiri maneno ya daktari.

Daktari alikuwa kijana, pengine mdogo kuliko mimi. Alimwamkia Baba, akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema: "Mzee wangu, dawa tutazipunguza. Ila tutazipunguza kama mtu ashukavyo ngazi, si kama arukavyo dirishani."

Akaeleza kwamba dawa zote si sawa wakati wa kuziacha. Atenololi na ndugu zake huzuia milango ambayo kwayo mwili huuharakisha moyo. Dawa ikikaa muda mrefu, mwili huongeza milango mingine. Ukiiondoa dawa ghafla, milango yote hufunguka kwa pamoja. Moyo hukimbia na presha hupanda kwa kishindo. Tangu mwaka 1975 madaktari wamekwisha kuandika habari za wagonjwa wa moyo ambao, baada ya kuacha propranololi kwa ghafla, walipatwa na maumivu makali ya kifua, na wengine mshtuko wa moyo.

Utaratibu wake ulikuwa huu. Alianza na ile inayotoa maji, kwa kuwa kizunguzungu kilielekea kutoka huko. Ikapunguzwa nusu, kisha ikasimamishwa. Baada ya wiki nne za vipimo vizuri akaigeukia atenololi: nusu kwa wiki mbili, nusu ya nusu kwa wiki mbili nyingine, na wakati wote huo Baba akikatazwa kubeba vizito na kuambiwa arudi mara moja akiona maumivu ya kifua au moyo kwenda mbio. Dawa moja tu iliguswa kwa wakati mmoja, maana ukizigusa mbili na presha ikapanda, hujui ni ipi iliyokuwa ikiishikilia. Hesabu hii, ndugu msomaji, ilikuwa ya Baba peke yake. Mwenye figo mbovu, kisukari au moyo uliotanuka atapangiwa yake.

Kazi yangu ilikuwa daftari. Asubuhi kabla ya dawa na jioni kabla ya chakula, Baba aliketi kimya dakika tano, mgongo umeegemea, miguu yote miwili sakafuni, mkono juu ya meza usawa wa moyo, mkanda juu ya ngozi wala si juu ya shati. Hakunywa kahawa nusu saa kabla ya hapo, na hakuna aliyeruhusiwa kumsemesha. Alipima mara mbili, nami nikaandika zote mbili, nzuri na mbaya. Tuliambiwa kwamba nyumbani mpaka ni mdogo kidogo: wastani ukifika 135 juu ya 85, turudi.

Je, njia hii hufaulu? Mwaka 1998 yalichapishwa Marekani matokeo ya uchunguzi wa wazee wa miaka 60 hadi 80 waliokuwa wakitumia dawa ya presha, 585 wanene na 390 wasio wanene. Wengine walisaidiwa kupunguza chumvi, wengine uzito, wengine vyote viwili; na baada ya miezi mitatu hivi wakajaribiwa kuachishwa dawa chini ya uangalizi. Waliopunguza chumvi walipunguza kwa karibu theluthi moja uwezekano wa presha kurudi juu, wa kurudia dawa au wa kupatwa na tatizo la moyo. Kwa wanene waliopunguza chumvi na uzito pia, uwezekano huo ulipungua kwa nusu. Hayo ni mafanikio makubwa. Walakini si kila mmoja aliyefaulu, na jambo hilo nalo lilitufikia mlangoni.

Iliyobaki ilikuwa amlodipini. Ilishushwa kutoka miligramu 10 hadi 5, na presha ikatulia. Baba akaomba ya mwisho nayo iondoke, daktari akakubali ijaribiwe. Wiki ya kwanza ilikuwa njema. Wiki ya pili daftari likaanza kupanda: 138, 144, kisha 152 juu ya 94. Chumvi haikuwa imeongezwa, wala matembezi hayakuwa yameachwa. Nilipomsomea namba hizo, Baba alisema tu, "Basi kazi yote ile ilikuwa bure." Sijapata kumwona mzee wangu amenyong'onyea namna ile, hata siku ya kustaafu.

Daktari alimjibu jibu ambalo ningependa kila nyumba ilisikie. Mishipa iliyobeba presha kwa miaka mingi hukakamaa, na umri pamoja na urithi wa wazazi haviondolewi na mchicha. Ulikuja na dawa tatu, akamwambia, na namba hazikuwa nzuri. Leo unatumia nusu ya dawa moja, na namba ni nzuri. Nusu hiyo si alama ya kushindwa kwako. Baba hakusema neno njia nzima, lakini jioni ile alikimeza kidonge chake bila ya kukumbushwa. Kwa miligramu 5 akarudi 128 juu ya 78, na kizunguzungu hakikurudi.

Tena ziko dawa ambazo ni hatari zaidi kuzipima kwa hali ya kujisikia vizuri. Aliyepata mshtuko wa moyo, aliyewekewa kijibomba cha kuzibua mshipa wa moyo, anayetumia dawa za kuzuia damu isigande, au ambaye moyo wake uliwahi kudhoofika, huyo dawa zake nyingine hazishushi namba tu, bali zinamlinda. London, madaktari waliwafuatilia watu 51 ambao mioyo yao iliyotanuka ilikuwa imepona kwa vipimo vyote, na matokeo yakatolewa mwaka 2018. Miongoni mwa 25 walioondolewa dawa hatua kwa hatua, 11 waliugua tena katika miezi sita. Miongoni mwa 26 walioendelea na dawa, hakuugua hata mmoja. Kupona kwao kulikuwa kumeegemea dawa, kama mgomba wenye mkungu unavyoegemea nguzo.

Basi, ndugu msomaji uliyejirekebisha, usione haya kumwuliza daktari wako. Mwulize kila dawa kwenye kadi yako ni ya kazi gani. Ipi yaweza kupungua, ipi haiguswi. Ianze ipi, kwa muda gani, na namba gani itakurudisha kliniki. Ukiona kizunguzungu, usingoje tarehe ya kadi. Daktari akikujibu kwa haraka kwamba ni za maisha, mwombe kwa adabu akueleze sababu, maana sababu ipo, au la, dawa itapunguzwa. Nawe nenda na daftari mkononi, lenye namba za wiki mbili zilizoandikwa bila ya kuchaguliwa. Na mpaka siku utakapoambiwa punguza, meza dawa ya leo.