Njia ya Mombasa kwa Mwenye Macho

Wako watu ambao kazi yao ni njia. Dereva wa lori achukuaye shehena bandarini, karani wa mizigo atumwaye na afisi yake kuhakikisha hesabu, mkaguzi wa shule, wakala wa mbegu na mbolea, mkulima apelekaye maembe yake sokoni: wote hao huijua barabara kuu ya kutoka Nairobi hata Mombasa kama mtu ajuavyo uwanja wa nyumba yake. Wengine huipita mara mbili kila juma. Lakini ukimwuliza mmoja wao ameona nini njiani, jawabu lake huwa fupi: ameona lori lililomtangulia, na mizani, na hoteli ya chai. Karibu kilomita 480 za nchi zimepita kando ya dirisha lake, naye hakuona kitu.

Wazee walisema kwamba mtembea bure si sawa na mkaa bure. Basi ikiwa atembeaye bure hupata faida, itakuwaje atembeaye kwa mshahara arudi mikono mitupu? Tena jambo hili si la anasa tu. Barabara hii imechukua roho za watu wengi, na wako waliokufa kwa kuwa dereva alishika usukani tangu alfajiri bila kupumzika, usingizi ukamshinda. Mtu asimamaye nusu saa mahali penye kitu cha kutazama huburudisha macho na akili pamoja, kisha huendelea na safari yake akiwa mzima. Haraka haraka haina baraka, na mahali pengine haina hata kaburi zuri.

Jina la Sultani

Msafiri atokaye Nairobi huteremka kwanza katika mbuga za Athi, ambako mwenye bahati huweza bado kuona twiga na swara kwa mbali. Baada ya saa moja na zaidi hufika mji mdogo uitwao Sultan Hamud. Wengi hulitamka jina hilo kila siku wasijiulize limetoka wapi, ingawa ni dhahiri kwamba si jina la Wakamba wala la Wamasai.

Reli ya Uganda ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896. Mwaka 1898, ilipokuwa imefika hapo, Sultani wa Unguja, Hamoud bin Mohammed, aliyetawala tangu 1896 hata 1902, alikuja kuitazama kazi hiyo. Wakati ule ukanda wa pwani ya Kenya ulikuwa bado ni milki yake chini ya ulinzi wa Waingereza. Mahali alipofika pakapewa jina lake, na jina halikutoka tena. Hivyo mtu anywaye chai katika mji huo hunywa mahali ambapo mtawala wa visiwani aliona kwa macho yake chuma kikiingia bara.

Mbele kidogo, karibu na Emali, msafiri wa asubuhi na ageuze uso upande wa kulia. Ikiwa mawingu hayajapanda, ataona kilele cheupe cha Kilimanjaro kimeelea juu ya ukungu kana kwamba hakikushikwa na nchi. Saa tatu au nne za mchana mara nyingi mlima umekwisha kufunikwa. Huu ndio urembo usiodai kiingilio; hudai kuamka mapema tu.

Chakula kisicho na bei

Makindu, yapata kilomita 160 kutoka Nairobi, kuna hekalu la Wahindi wa dini ya Sikh, ambao watu wengi huwaita Kalasinga. Lilijengwa mwaka 1926 na mafundi wa dini hiyo waliokuwa wakifanya kazi katika reli. Desturi ya dini yao ni kumlisha kila mgeni bila kumwuliza kabila lake, dini yake wala cheo chake. Mgeni huvua viatu, hufunika kichwa, huacha tumbako na pombe nje, kisha huketi pamoja na wengine na kupewa chapati, dengu na chai. Hakuna anayeletewa hesabu ya malipo. Mwenye kutaka kutoa sadaka hutoa, na asiye nacho hushukuru akaenda zake.

Yafaa msafiri akumbuke gharama iliyotangulia ukarimu huo. Vibarua na mafundi zaidi ya 30,000 waliletwa kutoka Bara Hindi kuijenga reli hii, na karibu 2,500 kati yao walikufa kwa maradhi, kwa ajali na kwa wanyama wakali. Wako na Waafrika waliofanya kazi hiyo ambao majina yao hayakuandikwa popote. Asimamaye Makindu na kula chakula cha bure hula katika nyumba iliyojengwa na wenzao wale waliokufa.

Maji yapitayo chini ya mawe

Kutoka Kiboko na kuendelea, vilima vya Chyulu hufuatana na msafiri upande wa kulia. Ni milima ya moto iliyo michanga sana kwa hesabu ya dunia. Moto wake wa mwisho ulitoka katika karne ya kumi na tisa, na mtiririko mmoja wa mawe meusi uliobaki watu huuita Shetani mpaka leo. Mkulima atazamaye vilima hivyo atashangaa kuona majani mabichi na ukungu, lakini hataona mto hata mmoja ukishuka. Maji yake yamekwenda wapi?

Jawabu ni kwamba mawe ya vilima hivyo yana matundu kama sifongo. Mvua ikinyesha huzama, husafiri gizani chini ya mawe, kisha hububujika umbali wa makumi ya kilomita mahali paitwapo Mzima, katika mbuga ya wanyama ya Tsavo Magharibi. Huko maji ni maangavu hata viboko huonekana wakitembea chini yake, na mna chumba kilichojengwa ndani ya maji ili watu watazame samaki kupitia kioo. Katika miaka ya 1950 bomba lililazwa kutoka Mzima hadi Mombasa. Basi karani aliyefika pwani akafungua mfereji, huenda akanywa mvua iliyonyesha juu ya vilima alivyovipita asubuhi bila kuvitazama.

Mzima si kando ya barabara. Njia yake huingilia Mtito Andei, mji ulio karibu na nusu ya safari, na mgeni hulipa kiingilio cha mbuga. Mtu wa kazi hawezi kwenda huko kila safari. Lakini siku ya mapumziko aweza kuwaleta watoto wake, nao watajifunza kwa saa moja habari za mvua na mawe ambazo mwalimu huzisema mwezi mzima.

Simba wa Tsavo

Mbele ya Mtito Andei mibuyu huanza kuonekana kwa wingi, udongo huwa mwekundu, na tembo wenyewe huwa wekundu kwa kujipaka vumbi hilo. Hapo ndipo ulipo mto Tsavo na daraja lake. Magari mengi hupita juu yake kwa nukta chache tu.

Mwaka 1898 mahali hapo palikuwa na kambi za wajenzi wa daraja la reli. Tangu mwezi wa Machi hata Desemba simba dume wawili, wasio na manyoya shingoni, waliwavamia watu usiku ndani ya mahema na kuwaburura nje. Watu walizungusha maboma ya miiba, wakakoka mioto, wakalala juu ya miti; haikufaa. Mwisho vibarua mamia walilipanda gari la moshi wakakimbilia pwani, na kazi ikasimama kwa muda wa majuma. Mwingereza aliyesimamia daraja, J. H. Patterson, aliwapiga risasi simba wote wawili mwezi wa Desemba mwaka huohuo.

Patterson baadaye aliandika kwamba watu 135 waliliwa. Wataalamu waliopima mifupa na manyoya ya simba hao walitoa hesabu nyingine mwaka 2009, kwamba huenda walikuwa kama 35. Wataalamu waligundua pia kwamba simba mmoja alikuwa na jino lililovunjika na taya bovu, hata kukamata mnyama mkubwa kulimtia maumivu. Tena katika miaka ile ya 1890 ugonjwa wa sotoka ulikuwa umeangamiza ng'ombe na nyati. Mfugaji ataelewa upesi: maradhi yakiua mifugo, shida haiishi zizini.

Ngozi za simba hao Patterson alizitandika nyumbani kwake miaka mingi, kisha mwaka 1924 akaziuza kwa jumba la makumbusho la Field, Chicago, Marekani. Ziko huko mpaka leo, na watu hutoka nchi za mbali kwenda kuzitazama. Dereva wa lori hupita mahali penyewe mara mia kwa mwaka.

Karai na njia ya mikokoteni

Kati ya Voi na Mariakani, katika nyika kavu ya Taru iliyowatesa kwa kiu watu wa misafara ya zamani, uko mji wa Mackinnon Road. Jina hili pia lina maana. Kabla ya reli, kampuni ya Waingereza iliyoongozwa na William Mackinnon ilianza mwaka 1890 kupasua njia ya mikokoteni ya ng'ombe kutoka pwani kwenda bara. Reli ilipokuja njia hiyo ikasahauliwa, jina likabaki.

Hapo, kando kabisa ya barabara na reli, kuna msikiti na kaburi la Seyyid Baghali, msimamizi wa vibarua katika ujenzi wa reli. Hadithi husema kwamba wenzake walipobeba makarai ya udongo kichwani, karai lake yeye lilielea hewani juu ya kichwa chake. Mwenye kuisadiki hadithi na aisadiki, na mwenye kuicheka na asiicheke mbele ya kaburi. Lililo hakika ni kwamba madereva wa dini mbalimbali husimama hapo, humwomba Mungu awafikishe salama, hunyoosha miguu, hunawa uso kwa maji, kisha huondoka. Dua na mapumziko yamewekwa mahali pamoja, nayo ni hekima.

Aliyeona hakusadikiwa

Karibu na mwisho wa safari, kabla ya kuteremka Mombasa, njia ndogo hutoka Mazeras kwenda Rabai. Wamisionari wawili Wajerumani waliotumwa na chama cha Waingereza, Ludwig Krapf na Johannes Rebmann, walifanya makao yao huko mwaka 1846, na leo pana nyumba ndogo ya makumbusho. Krapf ndiye aliyetunga kamusi kubwa ya Kiswahili iliyopigwa chapa London mwaka 1882, hivyo kila karani aandikaye barua kwa lugha hii ana deni dogo Rabai.

Rebmann alikwenda bara kwa miguu mwaka 1848 akiongozwa na Bwana Kheri, mtu wa misafara aliyezijua njia. Mwezi wa Mei aliona kilele cheupe cha Kilimanjaro, akaandika kwamba ni theluji. Huko Uingereza mabwana wa elimu waliokuwa hawajafika Afrika walimkatalia. Walisema theluji haiwezi kuwapo karibu na ikweta. Ilipita miaka kabla ya kukubaliwa kwamba mtu aliyekwenda na kutazama alikuwa amesema kweli.

Msafiri wa leo ameuona mlima uleule asubuhi, kutoka Emali, akiwa ameketi kitini. Kilichomgharimu Rebmann siku nyingi za jua na miiba, yeye amekipata kwa kugeuza shingo. Akikosa hata kugeuza shingo, kosa ni la nani?

Neno kwa wenye kazi na wenye safari

Tangu mwaka 2017 reli mpya huchukua watu na mizigo mingi kati ya Mombasa na Nairobi, na miji iliyoishi kwa wasafiri wa lori na basi ilipungukiwa wateja. Mama auzaye machungwa Kibwezi na mwenye hoteli Mtito Andei hawaishi kwa sifa za historia. Huishi kwa mtu anayesimama. Kwa hiyo asimamaye hujifaidi mwenyewe na humfaidi mwenzake.

Kuna kanuni chache tu. Gari lisisimamishwe penye kona wala juu ya daraja. Litolewe kabisa nje ya lami. Mtu asishuke kutoka garini ndani ya eneo la tembo. Takataka zirudi garini. Mahali pa ibada paingiwe kwa heshima. Na mwenye afisi asimkaripie dereva kwa nusu saa aliyopumzika, maana shehena iliyochelewa kidogo hufika, lakini iliyopinduka haifiki.

Asiyeweza kusimama kila mahali na achague mahali pamoja kwa kila safari. Anunue daftari dogo, aandike jina la mahali, aulize wenyeji maana yake, na jioni awasimulie watoto wake. Baada ya mwaka mmoja atakuwa amefanya kazi yake ileile kwa mshahara uleule, lakini watoto wake watakuwa wamejua nchi.