Karabai ya Marehemu Baba

Katika ukoo wa taa zilizopata kuangaza nyumba zetu, kibatari kilikuwa mtoto, chemli ilikuwa mwenyeji wa kila siku, na karabai ilikuwa mgeni wa heshima. Haikuwashwa ovyo. Ilitolewa siku ya harusi, ya msiba au ya ngoma. Na wavuvi wa dagaa kule Kigoma waliining'iniza juu ya maji ya Ziwa Tanganyika usiku wa giza, ili samaki waijie nuru.

Sisi twaijua zaidi kwa njia ya kisomo. Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na baada ya hapo madarasa ya jioni yakaenea vijijini. Marehemu baba yetu alikuwa miongoni mwa waliofundisha, na karabai hii tuliyorithi ndiyo iliyoning'inia kando ya ubao wake. Twaukumbuka mvumo wake kuliko hata nuru yake, na chini ya mvumo huo sauti za wazee wakikokota silabi.

Tulipoitoa stoo, shaba ilikuwa nyeusi, kioo hakipo, na ngozi ya pampu imekauka kama ganda la muwa. Mpwa wetu, ambaye ni fundi umeme, akatwambia, "Mjomba, nipe niifunge balbu humo, ipendeze sebuleni." Ushauri ulikuwa mwema, nasi tukaukataa. Karabai isiyovuma ni pambo tu.

Yafaa wanafunzi waijue kazi yake. Mafuta ya taa husukumwa na hewa ya pampu kutoka tangini, hupanda katika mrija uliokwisha kupashwa moto kwa spiriti, hugeuka mvuke, hupenya tundu dogo kuliko la sindano, huchanganyika na hewa, ndipo huwaka katika utambi. Na utambi wenyewe si uzi kama wa kibatari: ni kifuko cha nyuzi kilicholoweshwa dawa za madini, ambacho huungua mara ya kwanza kikabaki majivu, na majivu hayo ndiyo yatoayo nuru nyeupe. Hiyo ndiyo siri aliyoivumbua Carl Auer von Welsbach wa Austria mwaka 1885. (Tambi za zamani zilitiwa thoriamu, yenye mnururisho, vumbi lake lisivutwe puani.)

Shaba tuliisugua kwa ndimu na majivu. Fundi viatu alitukatia ngozi mpya, tukailowesha mafuta. Tangi tulilitumbukiza majini na kulipiga pampu, tukitafuta mapovu, halikuvuja. Kioo kilitusumbua miezi mitatu. Fundi bati alitaka kukinyoosha kibonyeo kilichoko ubavuni, tukamzuia: kilipatikana usiku ule taa ilipokimbizwa kumfuata mkunga, na aliyezaliwa usiku huo ni dada yetu.

Iliwaka jioni ya Jumamosi. Mama, ambaye alijifunza kusoma chini ya taa hiyo hiyo akiwa mwanafunzi wa mumewe, alitoka uani kwa mkongojo wake, akakaa mkekani, akaisikiliza kitambo. Mjukuu mmoja akanyosha mkono aisogeze karibu naye.

"Iache hapo hapo, baba," akasema. "Utambi uliokwisha kuungua ukitikiswa humwagika."