Harufu ya papa katika chupa ya kijani



Wiki iliyopita mzee mmoja aliingia studio kuomba tangazo. Ametoka teritware ya Kabambare, akapita Kasongo, akafika hapa na binti zake wawili. Familia moja imewapokea mtaa wa Alunguli, ng'ambo ya Lualaba. Mtoto wake wa kiume, mwenye miaka tisa, alipotea usiku ule wa kukimbia. Matangazo ya namna hiyo tunayasoma kila wiki, na maswali yetu ni yale yale: jina, umri, nguo alizovaa, mahali alipoonekana mara ya mwisho. Mzee alijibu yote. Kisha akaniambia: "Mwanangu, ongeza kitu kimoja. Sema kama papa yake angali anajipaka Brut."

Mimi nilikuwa nimeshaisikia harufu hiyo tangu alipofungua mlango. Niliweka kalamu chini.

Papa yangu alikuwa na chupa ya Brut. Ilikuwa ya kioo cha kijani, na shingoni ilivaa mnyororo mwembamba wenye medali ndogo. Ilikaa juu ya kabati, na sisi watoto tulikatazwa kuigusa. Alijipaka Jumapili na siku ya mshahara, basi. Mwezi wa kumi mwaka 1998, waasi wa RCD walipoingia Kindu, tulikimbilia porini. Mama alibeba sufuria na chumvi. Papa alitia ile chupa katika mfuko wa koti. Majuma yote tuliyokaa kule hakuifungua. Alisema harufu inatembea mbali kuliko sauti, na atakayenusa marashi katikati ya miti atajua kuna watu wamejificha.

Siku tuliyorudi aliteremka mtoni, akaoga, akanyoa ndevu kwa wembe, akamimina matone kiganjani na kujipiga mashavuni. Nilikuwa na miaka tisa. Nililia sana, mama akadhani naumwa. Nilikuwa nimelala ubavuni mwa papa kila usiku kule porini, lakini kwangu mimi alirudi siku ile tu.

Kwa hiyo nilipomaliza kusoma tangazo la mzee, niliuliza hewani: wanaume mnaovaa Brut, inawafanyia nini? Simu zililia, na wengine walikuja wenyewe mpaka mlangoni.

Mzee mmoja aliyefanya kazi kwenye reli alisema dakika ya kwanza inauma kama pilipili, kisha inakuwa sabuni safi, na jioni, ukivua shati, inabaki tamu kidogo kama vanila. "Ni harufu ya mtu aliyelipwa," alisema akicheka. Analalamika kwamba chupa ya kioo ya zamani ilidumu nguoni mpaka kesho yake, lakini hii ya plastiki ya leo inamwacha kabla ya saa sita.

Kinyozi mmoja wa karibu na soko kuu anawapaka wateja baada ya kuwanyoa. Anasema wazee wanapenda ule moto wake shavuni, maana wanajua kazi imekwisha. Lakini anawaonya vijana: kuna chupa zinazojazwa upya kwa maji na spiriti, na amewaona watu wakitoka vipele shingoni. Angalieni kifuniko kabla ya kulipa.

Dereva mmoja wa pikipiki, kijana, alisema wazi kwamba haipendi. "Inanuka babu." Hata hivyo aliiazima siku ya kupeleka mahari. Baba mkwe wake alimkumbatia, akamshika bega, akamwambia: "Umeniletea ujana wangu." Mazungumzo ya mahari yalikwenda vizuri, na tangu hapo anaihifadhi chupa moja kwa ajili ya kwenda ukweni tu.

Mfanyabiashara mmoja Mwislamu alisema yeye hatumii yenye alkoholi anapokwenda msikitini Ijumaa. Anajipaka mafuta ya itri, kama babu zake wa Kasongo. Lakini harufu ya Brut anaijua, kwa sababu mwalimu wake wa shule ya msingi alikuwa akiivaa. Aliposikia kipindi alikumbuka hata ubao na chaki.

Nimetafuta historia yake kidogo. Brut ilitolewa mwaka 1964 na kampuni ya Fabergé. Inatoka katika ukoo wa marashi ambao Wafaransa wanauita fougère, maana yake kangaga, na ukoo huo umepewa jina kutokana na marashi ya Houbigant ya mwaka 1882. Ndani yake kuna lavenda, ua la jerani, na harufu tamu ya nyasi zilizokauka. Na hii kolonya tunayoitaja kila siku imepata jina kutoka mji wa Ujerumani, Köln, ambako Mwitaliano Farina alianza kuuza maji yake ya kunukia mwanzoni mwa karne ya kumi na nane. Wataalamu wanasema njia ya pua ndani ya kichwa iko karibu sana na mahali panapotunza kumbukumbu na hisia. Ndiyo sababu mtu anaweza kusahau jina la mwalimu wake, lakini akinusa marashi yake anamwona amesimama mbele ya ubao.

Lazima niseme pia juu ya simu moja iliyoniumiza. Msikilizaji aliuliza: watu hawa wanaomba unga, sasa marashi ya nini? Je, msaada wetu unanunua Brut?

Nilivuka mto kwa mtumbwi kwenda kumwona mzee. Hajanunua kitu. Chupa yake ni ya plastiki, alitoka nayo nyumbani, na imebaki kama vidole viwili. Hajipaki kila siku. Anajipaka tone moja shingoni siku anapokwenda kuwatazama wanaofika wapya, na alijipaka siku aliyokuja kwetu studio. Aliniambia: "Nimekonda. Ndevu zimekuwa nyeupe katika miezi michache. Nguo hizi nimepewa. Mtoto akiniona anaweza kupita. Lakini nilikuwa nambeba mgongoni kwenda kanisani, pua yake iko hapa," akajigusa nyuma ya sikio. "Hii haitamdanganya."

Ndugu msikilizaji uliyepiga simu, sikukasirikii. Nyumba nyingi hapa Kindu zimepokea watu na sufuria ni ile ile. Lakini anayekimbia anapoteza nyumba, shamba, mbuzi, na baada ya muda anaanza kupoteza hata namna watu wake walivyomjua. Mzee huyu ameshika vidole viwili vya chupa ili asipoteze hicho cha mwisho. Hajamnyima mtu unga.

Mpaka ninapoandika, mtoto hajaonekana. Majina hatuyaweki hapa kwa usalama wao, tunayo studio. Kama nyumbani kwako, au kwa jirani, kuna mtoto wa kiume wa miaka kama tisa aliyefika peke yake kutoka upande wa Kabambare, tujulishe, au mpeleke kwa watu wa Msalaba Mwekundu, ambao kazi yao mojawapo ni kuunganisha familia zilizotawanywa na vita. Usimwulize sana. Mwulize tu kama anakumbuka papa yake alinukia nini.

Tangazo linasomwa asubuhi na jioni. Yale maneno ya mwisho tumeyaongeza kama alivyotaka.